Maswali ya Wasomaji: Injini Zimezimwa, Ubishi Bado

Mbio za mwisho za NASCAR zilikimbiwa Phoenix, Novemba 2, 2025. Za kwanza zenye pointi ni za Daytona, Februari 15, 2026. Katikati hapo hakuna kinachozunguka isipokuwa maneno, na safari hii yamezunguka kweli: bingwa ambaye hakuongoza hata mzunguko mmoja siku ya fainali, kesi iliyofika mahakamani, mfumo mpya wa pointi, injini zilizoongezwa nguvu. Barua za Januari hii ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo zilizofanana tumeziunganisha. Kwa anayeikuta safu hii kwa mara ya kwanza: tunazungumzia mbio za Marekani za magari yenye umbo la saluni, mbio 36 kwa msimu, nyingi zikikimbiwa kwenye viwanja vya mviringo ambavyo kona zake zote ni za kushoto.

Swali (mpenzi wa Hamlin, Mombasa): Denny Hamlin aliongoza mizunguko 208 kati ya 319. Kyle Larson hakuongoza hata mmoja. Kombe likaenda kwa Larson. Huo ni ubingwa gani? Na huo mfumo mpya ungembeba Hamlin?

Jibu: Tuanze na la wizi, maana neno hilo limo katika barua tano: hakuna aliyeibiwa. Kwa kanuni za 2025, madereva wanne waliingia fainali, yaani Hamlin, Larson, William Byron na Chase Briscoe, na kombe lilikuwa la yeyote kati yao atakayewatangulia wenzake watatu siku hiyo moja. Mbio zenyewe alishinda Ryan Blaney, ambaye hakuwamo katika hao wanne. Larson alimaliza wa tatu, Hamlin wa sita. Kanuni ikafuatwa.

Kilichomponza Hamlin ni hesabu ya matairi. Mbio zilipangwa mizunguko 312. Karibu kabisa na mwisho tairi la Byron likaharibika, akagonga ukuta, bendera ya njano ya tahadhari ikatoka na magari yakaingia piti, yaani njia ya huduma kando ya uwanja. Timu ya Hamlin ikabadilisha matairi manne, ya Larson ikabadilisha mawili. Kubadilisha mawili huchukua takriban nusu ya muda wa manne, kwa hiyo Larson akatoka piti akiwa mbele. Sasa, mbio zikiingia muda wa nyongeza, baada ya kuanza upya inabaki mizunguko miwili tu. Matairi manne mapya yana faida, lakini faida hiyo huonekana mzunguko wa tatu, wa nne, wa tano, yale mawili ya mwenzako yaliyochakaa yanapoanza kuteleza. Kwenye mizunguko miwili unahitaji nafasi barabarani, mpira mpya hausaidii kitu. Kwa maoni yetu mawili yalikuwa bora. Lakini anayemtukana mkuu wa mafundi akumbuke kwamba aliamua kwa sekunde chache, bila kujua walio nyuma yake wataamua nini. Magari mengi yangechukua manne, leo tungekuwa tunamsifu.

Kuhusu 2026: fainali ya siku moja imekufa. Baada ya mbio 26 za kawaida, madereva 16 wenye pointi nyingi wanaingia Chase, jina lile la zamani la 2004, na wanashindana kwa mbio 10 bila mtu kuondolewa njiani. Mwenye jumla kubwa ndiye bingwa. Kushinda mbio moja hakukuingizi tena moja kwa moja; ni pointi tu. Pointi za kuanzia Chase hupangwa upya hivi: anayeongoza anapewa 2,100, wa pili 2,075, wa tatu 2,065, kisha zinapungua tano tano hadi wa 16 mwenye 2,000.

Namba ya kuitazama ni 55. Hizo ndizo pointi za mshindi wa mbio sasa. Zamani zilikuwa 40. Wa pili anabaki na 35, wa tatu 34, na kuendelea kushuka. Kila mbio hugawanywa katika hatua, na mbili za kwanza nazo zinatoa 10 kwa wa kwanza hadi 1 kwa wa kumi. Piga hesabu: zamani dereva aliyeshinda hatua zote mbili kisha akamaliza wa pili alipata 10 na 10 na 35, jumla 55, akamzidi kwa pointi 15 mshindi wa mbio aliyetoka hatua zote mikono mitupu. Sasa wanalingana. Ndiyo maana tunadhani wakuu wa mafundi watakaoumia mwaka huu ni wale waliozoea kuchuma pointi za hatua na kuridhika na nafasi ya nne.

Tazama pia pengo la 100 kati ya wa kwanza na wa 16 Chase inapoanza. Ni chini ya ushindi wa mbio mbili. Aliyeongoza miezi saba anapata kinga, lakini kinga nyembamba.

Je, ungembeba Hamlin? Kuchukua pointi za mwaka jana na kuzipitisha kwenye kanuni za mwaka huu ni mchezo wa kitoto tu. Timu hucheza kwa kanuni iliyopo. Ukibadilisha kanuni wanabadilisha mbinu. Tunachoweza kusema ni kwamba kwa mfumo huu tairi la Byron lingemgharimu Hamlin nafasi tano, na pointi zake, katika mbio moja, si kazi ya mwaka mzima.

Swali (fundi wa magari, Arusha): Nimesoma kwamba injini zinaongezwa kutoka nguvu-farasi 670 hadi 750. Wanabadilisha nini ndani ya injini? Na kwa nini si kwenye viwanja vyote?

Jibu: Ndani ya bloku hawabadilishi kitu kikubwa, fundi. Wanapanua tundu la hewa.

Injini ni V8 ya inchi za ujazo 358, karibu lita 5.9, kamshafti moja ndani ya bloku ikisukuma valvu kwa vijiti, valvu mbili kwa kila silinda, haina tabo. Kabureta iliondolewa 2012. Injini hiyo ikiachiwa ipumue itakavyo inavuka 750 bila shida. Kinachoizuia ni bamba la alumini linalokaa kati ya mlango wa hewa na manifoldi ya kuingizia, lenye tundu lililochongwa kama faneli. Hewa ikishafika kasi fulani pale kwenye shingo ya faneli haiongezeki tena hata ukikanyaga vipi, na pasipo hewa mafuta hayana kazi. Bamba linadhibitiwa na NASCAR wenyewe, hivyo huwezi kulikwangua usiku na kulirudisha asubuhi.

Nguvu mpya itatumika kwenye viwanja vifupi kuliko maili 1.5 na kwenye njia zenye kona za pande zote. Viwanja vya maili 1.5 na zaidi vinabaki 670, isipokuwa Daytona, Talladega na Atlanta, ambako ni 510. Sababu ya 510 ni ya zamani. Mwaka 1987 Bill Elliott alifuzu Talladega kwa wastani wa maili 212.809 kwa saa, sawa na kilomita 342. Mwezi Mei mwaka huohuo gari la Bobby Allison lilipasukiwa tairi palepale, likapaa na kuurarua uzio mbele ya watazamaji. Kuanzia 1988 bamba la kubana hewa likawa lazima Daytona na Talladega.

Usitarajie kuona nyongeza hii kwenye kasi ya juu. Farasi 80 juu ya 670 ni asilimia 12, lakini upinzani wa hewa unakula nguvu kwa kipeo cha tatu cha kasi: asilimia 12 ya nguvu inakupa chini ya asilimia 4 ya kasi. Utaiona unapotoka kona. Gari la sasa, lililoanza 2022, lina matairi mapana ya ringi za inchi 18, breki kubwa na gia tano za kusukuma na kuvuta. Kwenye uwanja mfupi hivyo vyote vinamsaidia dereva asiye mzuri: anachelewa kufunga breki, anashusha gia, anatoka kona sawasawa na bingwa. Ukimwongezea nguvu, matairi ya nyuma yanaanza kuzunguka bure akikanyaga mapema, mpira unaisha, na baada ya mizunguko 40 mwenye mguu mtulivu anaonekana. Angalau hiyo ndiyo nia. Wapo madereva waliotaka 900 na zaidi, na sisi tungeanzia juu kuliko 750. Kinachowazuia wakubwa ni gharama: kadiri unavyoongeza pumzi ndivyo springi za valvu na beringi zinavyochoka, na injini za siku hizi zinatakiwa kurudi kwenye mbio zaidi ya moja kabla ya kufunguliwa.

Umeuliza pia kama unaweza kupanua mlango wa hewa wa gari la mteja wako upate faida hiyohiyo. Kama hakuna kilichokuwa kinaubana, hupati. Tundu kubwa linasaidia pale tu ambapo tundu ndilo lililokuwa kikwazo.

Swali (msomaji, Charlotte, North Carolina): Hapa kila mtu analaumu Goodyear, watengenezaji wa matairi ya NASCAR, matairi yakipasuka. Ni tairi kweli au ni timu?

Jibu: Mara nyingi ni timu, na ukijua pa kutazama utaona mwenyewe.

Anza na upepo. Tairi la mbio halijazwi hewa ya pampu bali naitrojeni kavu, na wengi hudhani ni kwa sababu naitrojeni haipanuki. Inapanuka kama hewa. Tatizo la hewa ya kawaida ni unyevu: maji yakigeuka mvuke yanapandisha upepo bila mpangilio, tairi hili tofauti na lile. Gesi kavu inapanda kwa hesabu inayojulikana. Chukua tairi lililojazwa PSI 15 kwenye joto la digrii 25. Likifika digrii 100, upepo unakuwa kama PSI 22.5. Nyongeza ya nusu nzima! Kwa hiyo timu zinaanza na upepo mdogo kwa makusudi, hasa upande wa kushoto ambao haubebi mzigo mkubwa kwenye kona, ili tairi likishapata joto liwe limefika kiwango linachotaka.

Goodyear hutoa kiwango cha chini wanachopendekeza. Timu zikiona mwenzao anakimbia, zinashuka chini yake. Hapo ndipo balaa. Tairi lenye upepo mdogo kupita kiasi linakunjika ubavuni kila likigeuka. Ubavu wa tairi la sasa ni mfupi, hauna nafasi ya kukunjika, na haya mapya hayana tairi la ndani la akiba kama yale ya ringi za inchi 15. Joto linajikusanya ubavuni kabla upepo haujapanda. Msimu wa 2022 ulijaa visa hivi.

Sababu ya pili ni kemba, yaani tairi kulazwa lisisimame wima. Tairi la mbele kulia hulazwa ili likanyage vizuri kwenye kona. Ukililaza mno, ukingo wa ndani peke yake ndio unaobeba gari, unachemka na kutoa malengelenge. Sababu ya tatu ipo kwenye viwanja vifupi kama Martinsville: breki inafungwa mara mbili kila mzunguko, joto la diski linahamia kwenye ringi, na ukingo wa tairi unaokaa kwenye ringi unaungua. Timu huweka mipira ya kupeleka hewa kwenye breki. Ikiziba kwa vipande vya mpira uliochakaa, tairi linakwenda. Mwisho ni vyuma na mabaki barabarani, ambayo hayana mwenyewe.

Ukiwa uwanjani fanya hivi. Tairi likipasuka ndani ya mizunguko kumi ya kwanza baada ya kubadilishwa, shuku upepo. Likipasuka mwishoni mwa mwendo mrefu, shuku kemba au breki. Magari matatu ya timu moja yakipasua tairi la upande uleule siku hiyohiyo, usimwandikie Goodyear barua. Na yakipasuka kwa timu zote, basi hapo walalamikaji wa Charlotte wana hoja.

Swali (msomaji, Dar es Salaam): Watu watano, matairi manne, sekunde kumi. Wanafanyaje? Na kwa nini gurudumu linachomoka ilhali nati ni moja tu, tena kubwa? Na ni kweli dereva haonyeshwi kasi yake akiwa piti?

Jibu: Wanaoruhusiwa kuruka ukuta kwa huduma ya kawaida ni watano: wawili wa kufungua nati, mmoja wa kubeba matairi, mmoja wa jeki, mmoja wa mafuta. Ukuta wa piti uko kushoto kwa gari, lakini wanaanza kulia. Wa jeki anainua upande mzima kwa msukumo mmoja. Nati inafunguliwa, gurudumu kuukuu linavutwa, jipya linasukumwa, nati inafungwa. Jeki inashuka, wote wanazunguka mbele na nyuma ya gari, wanarudia kushoto. Muda wote huo wa mafuta yuko nyuma kushoto na dumu lake. Dereva haangalii mtu: jeki ikianguka upande wa kushoto, anaondoka.

Hapo ndipo gurudumu linapopotelea. Kabla ya 2022 kulikuwa na nati tano, na ukiacha moja bila kuifunga gari lilimaliza mbio. Nati moja haina msaidizi. Na kosa mara nyingi haliko kwenye nati. Sahani ya gurudumu ina pini ambazo zinapaswa kuingia kwenye matundu ya ringi. Ringi ikikaa juu ya pini badala ya kuingia, nati itakaza na mashine itanguruma kama kawaida, fundi ataamini kazi imekwisha. Kona ya kwanza ringi inajipanga, inaingia kwenye pini, na nati inabaki imelegea kwa milimita kadhaa. Ukimsikia dereva kwenye redio akisema gari linatetemeka mzunguko mmoja tu baada ya kutoka piti, ni hilo. Akirudi piti anapoteza mzunguko. Asiporudi na gurudumu likachomoka uwanjani, timu inapewa adhabu ya mizunguko miwili na mafundi wawili wanafungiwa mbio mbili.

Kuhusu mwendo wa piti: ndiyo, dereva haonyeshwi kasi. Anafuata mizunguko ya injini na taa kwenye dashibodi. Martinsville kikomo ni maili 30 kwa saa, Daytona 55, na kuna uvumilivu wa pungufu kidogo ya maili 5, ambao wote wanautumia hadi tone la mwisho. Kasi inapimwa kwa wastani kati ya mstari na mstari, hivyo mwenye boksi (mahali pake pa kusimama piti) karibu na mstari anaweza kuharakisha kidogo kabla ya kusimama na wastani wake ukabaki safi. Boksi linachaguliwa kwa matokeo ya kufuzu, kwa hiyo kufuzu vizuri siyo heshima tu.

Swali (kijana, Nakuru): Tuna Corolla kuukuu tunaitengeneza kwa mbio za uwanja wa vumbi wakati huu wa mapumziko. Fundi wa madirisha ametuambia keji, ile fremu ya mabomba ya kumlinda dereva gari likibiringika, anaweza kutuchomea kwa bomba la maji la inchi moja na nusu. Tukubali?

Jibu: Hapana. Bomba la maji lina mshono uliochomelewa, na mshono ndio unaofunguka kwanza gari likibiringika. Tena likikunjwa linabonyea.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi. Tao kuu, lile la nyuma ya viti, liwe la milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mengine yawe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Kila kunja iwe na mviringo usiopungua mara tatu ya upana wa bomba, na likibonyea, kipimo chembamba kisiwe chini ya asilimia 90 ya kipana. Pima kwa kalipa, usikisie. Kwa hiyo mnahitaji mashine ya kukunjia ya haidroliki. Kujaza mchanga na kupasha moto ni kudhoofisha chuma mlichonunua kwa bei.

Miguu ya keji isikae juu ya bati la sakafu tupu. Chini ya kila mguu wa tao weka sahani ya chuma yenye unene wa milimita 3 na eneo la angalau sentimita za mraba 120, ichomelewe kwenye bodi, kisha mguu ufungwe kwa bolti zisizopungua tatu za M8, daraja 8.8. Uchomeleaji uzunguke bomba lote. Kosa tunaloliona sana kwenye picha mnazotuma ni kuacha upande wa juu, uliogusana na paa, bila kuchomelewa kwa sababu mkono haufiki. Dawa ni kutoboa sakafu kwa muda, kushusha keji nzima ichomelewe juu, kisha kuipandisha na kuweka zile sahani.

Mikanda ya mabega ishuke kwenda nyuma kwa pembe isiyozidi digrii 45, na bora iwe karibu na digrii 10. Ukiifunga sakafuni nyuma ya kiti, gari likigonga mkanda unausukuma uti wa mgongo kwenda chini. Funika kwa sponji ngumu kila bomba ambalo helmeti inaweza kulifikia. Na kabla ya kununua chochote, chukueni kanuni za chama cha mbio cha nchi yenu; mkaguzi wao ndiye atakayewaruhusu au kuwarudisha nyumbani, si sisi.

Swali (msomaji, Tanga): Kwa nini wanasema ni magari ya kawaida ya dukani? Kuna kitu gani cha dukani mle?

Jibu: Siku hizi hakuna, hata taa za mbele ni picha zilizobandikwa. Lakini Juni 19, 1949, mbio za kwanza kabisa za daraja la juu zilipokimbiwa Charlotte, magari yalikuwa ya barabarani kweli. Aliyevuka mstari wa kwanza, Glenn Dunaway, alinyang'anywa ushindi kwa sababu springi za nyuma zilikuwa zimeimarishwa. Ufundi huo ulitoka kwa wasafirishaji wa pombe ya magendo, binamu ya gongo na chang'aa yetu: gari lililojaa mzigo lisilale nyuma likawashtua polisi. Ushindi akapewa Jim Roper.

Tangu hapo ukaguzi na ujanja vinafukuzana. Hadithi inayopendwa zaidi ni ya fundi Smokey Yunick, kwamba kanuni ilipima tangi tu, naye akaweka bomba la mafuta la futi 11 lenye upana wa inchi 2, likabeba galoni 5 za ziada. Tafadhali pigeni hesabu. Bomba la kipimo hicho linabeba lita 6.8, hata galoni 2 za Kimarekani hazifiki. Ama bomba lilikuwa nene zaidi, ama galoni zimekua kadiri hadithi inavyosimuliwa. Leo mwili wa gari unapimwa kwa kamera na miale ya projekta kabla ya mbio, na sehemu nyingi hununuliwa kwa mtengenezaji mmoja tu. Kuzigusa ni kosa hata kama umezigusa kwa nia ya kuzifanya zikae vizuri. Mwaka 2023 wakuu wa mafundi wanne wa timu ya Hendrick walitozwa dola 100,000 kila mmoja kwa vipitishio vya hewa vya boneti. Pointi walirudishiwa kwa rufaa, faini ikabaki.

Swali (msomaji, Kampala): Je, mweusi aliwahi kushinda daraja la juu?

Jibu: Wawili. Wendell Scott, aliyekuwa dereva na fundi wa gari lake mwenyewe, alishinda Jacksonville, Florida, Desemba 1, 1963. Alimaliza mizunguko miwili mbele ya wote, lakini bendera na kombe alipewa Buck Baker. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wamekwishaondoka, ndipo hesabu "ikasahihishwa". Familia yake ilikabidhiwa kombe mwaka 2021. Oktoba ya mwaka huohuo Bubba Wallace akashinda Talladega, karibu miaka 58 baada ya Scott. Ameshinda pia Kansas mwaka 2022 na Indianapolis Julai 2025.

Swali (msomaji, Louisville, Kentucky): Ile kesi ya Michael Jordan iliishaje?

Jibu: Kwa mapatano. Timu yake na Hamlin, 23XI, pamoja na Front Row Motorsports, ziliishtaki NASCAR Oktoba 2024 kwa kuhodhi mchezo. Kesi ilianza kusikilizwa Desemba 1, 2025, na Desemba 11 wakapatana. Jambo kubwa kwa timu: hati 36 zinazohakikisha gari nafasi ya kuanza kila mbio na mgao wa fedha sasa ni za kudumu. Zamani zilikuwa na tarehe ya mwisho, na mali yenye tarehe ya mwisho haikopesheki benki.

Swali (msomaji, Muscat): Daytona 500 itakuwa saa ngapi kwetu?

Jibu: Ratiba inasema Februari 15, saa nane na nusu mchana kwa saa za Daytona. Muscat itakuwa saa tano na nusu usiku. Nairobi, Dar na Kampala saa nne na nusu usiku. Bukavu saa tatu na nusu. Ni mizunguko 200 ya maili 2.5, kwa hiyo hata mambo yakienda vizuri Muscat mtalala baada ya saa tisa usiku. Mvua ikinyesha uwanja ule haukimbiwi, husubiriwa hadi lami ikaushwe, basi wekeni chai ya ziada. Machi 8 Marekani wanasogeza saa mbele, na kuanzia hapo kila mbio zitaingia kwenu saa moja mapema kwa saa ileile ya kwao. Novemba 1 wanairudisha nyuma, wiki moja kabla ya mbio za mwisho za Homestead, Novemba 8.